Neno "Tamaa": Maana, Sarufi na Namna ya Kulitumia Katika Majibu ya Fasihi

Tamaa ni neno fupi lenye herufi tano, lakini hubebeshwa mzigo mkubwa katika majibu ya wanafunzi wa Kidato cha Nne. Muulize mwanafunzi kwa nini soko la Chapakazi linafungwa katika tamthilia ya Kigogo, atakujibu: tamaa. Kwa nini Jitu linamaliza chakula chote cha Mzee Mago katika "Tumbo Lisiloshiba"? Tamaa. Kwa nini Ashua anakwenda ofisini kwa Majoka? Tamaa tena.

Majibu mawili ya kwanza yanaweza kutetewa. La tatu litakunyima alama. Zaidi ya hapo, litamhukumu mwanamke aliyeonewa kana kwamba yeye ndiye aliyeonea. Mara nyingi kosa hili halitokani na kutosoma kitabu. Mwanafunzi amekisoma, anajua nani alimfanyia nani nini, ila ameliachia neno moja kazi ambayo neno hilo haliwezi kuifanya likiwa peke yake. Ndiyo maana katika sehemu hii hatutazungumzia wahusika wote wala maudhui yote. Tutalichukua neno hili moja, tuone maana yake na sarufi yake, kisha tulirudishe kwenye vitabu.

Maana mbili zinazovutana

Maana ya kwanza ya tamaa unaijua: hali ya kutaka kitu kupita kiasi, hasa kitu ambacho si chako au hukistahili. Hii ndiyo tamaa ya methali "tamaa mbele, mauti nyuma", na ndiyo ya fisi wa ngano zetu aliyefika njia panda, akataka kufuata njia zote mbili, akapasuka msamba.

Maana ya pili mara nyingi husahaulika ingawa kila mtu huitumia. Tunasema mgonjwa amekata tamaa. Je, alichokata ni uroho? La hasha. Amekata matumaini. Vivyo hivyo mtu aliyetiwa tamaa na ahadi ya kazi amepewa tumaini la kuipata. Hapa tamaa ni ile hali ya moyo kuelekea jambo zuri ambalo bado halijafika.

Maana hizi mbili hazikugongana kwa bahati tu. Kiswahili kilipokea neno hili kutoka Kiarabu, na katika Kiarabu pia neno lenyewe, tama', hutumika kwa uroho na kwa kutazamia kupata kitu. Ukifikiri kidogo utaona ni kwa nini. Mroho na mwenye matumaini wote wawili wanatazama kitu kilicho mbele yao ambacho hawajakishika. Tofauti iko katika haki ya kukipata na njia ya kukifikia.

Kutokana na maana hii ya pili tuna kitenzi tamauka, yaani kukata tamaa. Utakisoma katika magazeti na riwaya za Kenya: "raia wametamauka". Mwisho wake, -uka, unafanana na ule wa funguka na zibuka, vitenzi vinavyoonyesha kwamba jambo lililokuwapo limetenduliwa. Aliyetamauka ametoka katika tamaa. Sasa jaribu kukitumia kitenzi hicho kwa Majoka aliyeshiba mali, useme "Majoka ametamauka", ukidhani unamaanisha kwamba ameacha uroho. Utakuwa umesema jambo jingine kabisa.

Katika Kigogo maana zote mbili zimo. Majoka anatawala kwa tamaa ya kwanza. Anachokipigania dhidi ya raia ni kuwafanya wapoteze ile tamaa ya pili: waone kwamba hakuna la kufanya, wale keki ya uhuru, washerehekee na kunyamaza. Tunu anaumizwa mguu lakini hakati tamaa. Ukiliona hili, utaweza kuandika aya nzuri kuhusu mgogoro wa tamthilia bila kutegemea muhtasari wa mtu mwingine.

Tahadhari moja. Ingawa Tunu hakati tamaa, usiandike "Tunu ana tamaa ya kuikomboa Sagamoyo". Si kosa la sarufi, lakini katika Kiswahili cha leo "kuwa na tamaa" pasipo maelezo mengine huelekea ubaya. Andika kwamba ana matumaini, ana ari au ana azma. Maana njema ya tamaa imebaki zaidi ndani ya nahau: kukata tamaa, kutia tamaa, kuvunja tamaa.

Ngeli, na kitenzi kinachofanana nalo

Tamaa ni nomino ya ngeli ya I-ZI. Tamaa yake imemponza. Tamaa zao zimewaponza. Umbo la nomino halibadiliki katika umoja wala wingi, kwa hivyo upatanisho ndio utakaomwonyesha msomaji wako idadi. Wapo wanaoiweka katika I-I pamoja na amani na furaha kwa kuwa ni dhahania. Lakini watu husema "tamaa za mwili" na "tamaa za dunia" kila siku, na hapo wingi unaonekana wazi.

Kitenzi tunachokioanisha nayo ni tamani. Kama vitenzi vingi vya asili ya Kiarabu, hakiishii kwa -a, na hunyambuliwa hivi: tamania, tamaniwa, tamanika, tamanisha, tamaniana. Nomino zake nyingine ni tamanio na matamanio. Jambo la kuvutia ni kwamba tamaa na tamani si ndugu wa damu. Tamani imetoka katika neno jingine la Kiarabu, tamanna, lenye maana ya kutakia au kutumaini jambo, na mzizi wake si ule wa tama'. Yamefanana kwa sauti, yakakutana katika Kiswahili, yakawa kama mume na mke. Hili halitaulizwa katika mtihani. Ukiambiwa katika Karatasi ya Pili utoe kitenzi kutokana na nomino tamaa, andika tamani uendelee na swali linalofuata.

Hata hivyo lipo la kujifunza hapo. Tamani haina ukali wa tamaa. "Natamani kurudi nyumbani" hakumfanyi msemaji kuwa mroho. "Nina tamaa ya kurudi nyumbani" kunaanza kutia shaka. Yaani kitenzi husema tu kwamba mtu anataka, ilhali nomino inakaribia kumhukumu. Kumbuka tofauti hii, tutaihitaji baadaye.

Tamaa ya nani? Tamaa ya nini?

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Tazama vifungu hivi viwili:

Tamaa ya mali.
Tamaa ya Majoka.

Kwa macho vimeundwa kwa namna moja: nomino, kihusishi cha a-unganifu, nomino. Lakini "ya" ya kwanza inatuonyesha kitu kinachotakwa, na "ya" ya pili inatuonyesha mtu anayetaka. Mali haina tamaa, Majoka ndiye mwenye nayo. Hukuhitaji kufundishwa hivyo, kwa sababu unajua kwamba mali haina moyo.

Sasa soma hiki:

Tamaa ya Ashua.

Ashua ana moyo wa kutamani, na pia anaweza kutamaniwa. Kifungu hiki hakisemi lipi kati ya hayo mawili. Kama umeandika "tamaa ya Ashua ilimtia matatani", huenda kichwani mwako ulikusudia tamaa ya Majoka kwa Ashua. Ila msahihishaji hasomi kichwa chako, husoma karatasi. Na kwenye karatasi umesema Ashua ndiye mwenye tamaa.

Umekwisha kukutana na utata huu katika sarufi ya Karatasi ya Pili, pale unapoulizwa maana za "picha ya Juma": picha inayomwonyesha Juma, picha anayoimiliki, au picha aliyoipiga. Kwa mtindo huohuo, "kinyago cha Sudi" kinaweza kuwa kile alichokichonga, kile alicho nacho, au kile kinachofanana naye. Wengi huupata utata huu katika Karatasi ya Pili, kisha wakauacha mlangoni wanapoingia kufanya Karatasi ya Tatu.

Jambo hili si la Kiswahili peke yake wala si la jana. Pengine umesikia, kanisani au katika somo la dini, kwamba fedha ndiyo chanzo cha mabaya yote. Watu husema hivyo wakidhani wanamnukuu Mtume Paulo katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 6. Paulo hakuilaumu fedha yenyewe. Neno la Kigiriki lililoko hapo maana yake ni kupenda fedha, na Biblia ya Kiswahili imelifasiri hivyo. Biblia ya Kilatini ilitumia neno cupiditas. Hili ni neno la Kilatini la tamaa, na jamaa yake ni Cupido, jina ambalo Waroma walimpa mungu wao wa mapenzi. Cupiditas ni pana kuliko kupenda fedha. Inaweza kuwa tamaa ya fedha, ya cheo, ya mwanamke au ya utukufu. Likisimama peke yake, msomaji hana budi kuuliza: ya nini?

Kilatini kililijibu swali hilo kwa kubadilisha mwisho wa nomino inayofuata. Cupiditas ni nomino ya jinsia ya kike, na nomino inayoikamilisha huwekwa katika umbo la umilikishi, ambalo hufanya kazi inayokaribiana na ya a-unganifu yetu. Pecunia ni fedha. Cupiditas pecuniae ni tamaa ya fedha. Rex ni mfalme na regnum ni ufalme. Cupiditas regis ni tamaa aliyo nayo mfalme, na cupiditas regni ni tamaa ya kuupata ufalme. Umbo la umilikishi ni lilelile, lakini mara linamtaja mwenye tamaa, mara linakitaja kinachotamaniwa.

Waroma wenyewe waliuona utata huu. Aulus Gellius, mwandishi wa karne ya 2, aliueleza kwa mfano wa metus hostium, yaani hofu ya maadui. Alionyesha kwamba maneno hayo ni sahihi maadui wanapoogopa, na ni sahihi vilevile maadui wanapoogopwa. Jaribu kwa Kiswahili: "hofu ya maadui ilienea mjini". Nani aliogopa? Kwa hivyo usijione mjinga ukinaswa na "ya". Ila usikubali kunaswa katika chumba cha mtihani.

Dawa yake ni rahisi. Nomino ikileta utata, igeuze iwe kitenzi. Kitenzi cha Kiswahili kina faida ambayo nomino haina: hubeba kiambishi cha mtenda na kiambishi cha mtendwa. Andika "Majoka anamtamani Ashua" na kila kitu kiko wazi. Kiambishi a- ni Majoka, kiambishi -m- ni Ashua, na hakuna msahihishaji atakayeuliza nani amemtaka nani. Kama ni lazima utumie nomino, basi taja pande zote mbili: "tamaa ya Majoka kwa Ashua", au "tamaa aliyo nayo Majoka ya kumpata Ashua". Ni ndefu kidogo, lakini ina haki.

Ashua ana tamaa?

Tusiliache swali lenyewe, kwa sababu wapo wanafunzi ambao hawakukosea "ya". Wanaamini kweli kwamba Ashua ana tamaa, na wana ushahidi. Amechoka na umaskini. Anamlaumu Sudi kwa hali ya nyumba yao. Anakwenda kwa Majoka kuomba msaada huku akijua Majoka ni mtu wa aina gani. Akiwa kifungoni anafikia hata kumtaka Sudi ampe talaka.

Ushahidi huo ni wa kweli. Uweke kando ya mambo mengine mawili ambayo pia ni ya kweli. Kwanza, Majoka aliwahi kumtaka Ashua, naye akamkataa. Mwanamke anayetawaliwa na tamaa ya mali angemkubali Majoka mwenye mali, si Sudi mchongaji. Pili, anachoomba Ashua ni chakula cha watoto na njia ya kuishi. Hicho huitwa haja. Mwenye haja anataka kinachomtosha. Mwenye tamaa hana kinachomtosha. Zaidi ya hayo, Majoka anaitumia haja hiyo kama mtego. Ashua anaishia kuzuiliwa, na kuzuiliwa kwake kunatumiwa kumshinikiza Sudi akubali kuchonga kinyago cha shujaa anayetakwa na serikali.

Kwa maoni yangu, atakayeandika kwamba Ashua ni mwepesi wa kukata tamaa atakuwa karibu zaidi na tamthilia kuliko atakayeandika kwamba ana tamaa. Angalia jinsi sentensi hizo mbili zilivyo karibu kwa maneno na mbali kwa maana. Ya kwanza inazungumzia matumaini yaliyoisha. Ya pili inazungumzia uroho.

Je, unaruhusiwa kuwa na maoni tofauti na haya? Unaruhusiwa. Msahihishaji mzuri hutuza hoja inayotetewa kwa matukio ya kitabuni. Asichoweza kutuza ni neno lililotupwa tu.

Majirani wa tamaa

Unapotaka kusema kwamba mhusika anataka kitu, una maneno mengi ya kuchagua. Hamu ni kutaka kwa kawaida, kusiko na lawama: hamu ya kula, hamu ya kumwona mtu. Shauku ina joto zaidi, na mara nyingi huambatana na kungoja. Ari humsukuma mtu kutenda, na azma ni uamuzi wa kulifikia lengo; haya mawili yanawafaa Tunu na Sudi. Kiu hutumiwa kiistiari, na nayo huchukua kinachofuata: kiu ya haki, kiu ya elimu. Uchu ndio mkali kuliko yote. Ni tamaa iliyokaribia unyama, na ukiandika "uchu wa madaraka" kuhusu Majoka hujakosea. Kumbuka tu kwamba ni uchu wa, wala si uchu ya.

Kisha kuna majina ya watu wenye tabia hizi, ambayo watahiniwa huyachanganya sana. Mchoyo hataki kutoa alicho nacho. Mlafi hula kupita kiasi. Mroho hutaka kila anachokiona. Huwezi kumwita mtu mchoyo kwa sababu amenyakua ardhi ya wenzake. Akiwa amekwisha kuinyakua, kisha akawanyima hata njia ya kupita, hapo uchoyo umeingia.

Jitu na tumbo lake

Hadithi ya "Tumbo Lisiloshiba" inakusaidia kuuona mpaka huo. Jitu linaingia katika mkahawa wa Mzee Mago, linakula chakula chote kilichopo na kutaka zaidi. Kwa juu huo ni ulafi. Mwandishi, Said A. Mohamed, hakulileta Jitu ili tulicheke tumbo lake. Nyuma yake wapo wakubwa wanaoitaka ardhi ya wanyonge wa Madongoporomoka, na baada ya ulaji huo mabuldoza yanafika kubomoa. Ulafi ni picha, tamaa ya ardhi ndiyo maana. Katika jibu lako sema yote mawili, tena kwa mpangilio huo: kinachoonekana kwanza, kisha kinachowakilishwa. Anayeandika "Jitu lina tamaa ya chakula" na kuishia hapo ameisoma hadithi nusu.

Lichambue pia neno lisiloshiba. Li- ni kiambishi cha ngeli ya LI-YA, kinarejelea tumbo. -si- ni cha ukanushi. -lo- ni kirejeshi. -shib- ni mzizi, na -a ni kiishio. Umbo hili halina kiambishi cha wakati. Mwandishi hakusema tumbo ambalo halikushiba jana, wala ambalo halitashiba kesho. Urejeshi wa namna hii, usio na wakati, hueleza tabia ya kudumu. Tumbo hili halishibi leo wala siku nyingine yoyote. Ukiulizwa ufaafu wa anwani, hoja hiyo moja ya sarufi itakutofautisha na wengi, mradi uiunganishe na tukio: Jitu lilikula likaahidi kurudi kesho yake, na likarudi.

Swali na majibu mawili

Tuchukue swali la aina inayopatikana katika Karatasi ya Tatu.

"Tamaa ndiyo chanzo cha maovu katika jimbo la Sagamoyo." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea tamthilia ya Kigogo.

Jibu la kwanza: "Majoka ana tamaa sana. Alifunga soko. Pia tamaa ya Ashua ilimfanya afungwe. Kenga naye ana tamaa kwa sababu yuko na Majoka. Sudi hana tamaa. Kwa kweli tamaa mbele mauti nyuma."

Lisome tena polepole. Kila sentensi ina neno tamaa au inaizunguka, lakini hakuna hata moja inayosema tamaa ya nini. Soko limefungwa, ila hatuambiwi kufungwa kwake kulimpa Majoka nini. Sentensi ya Ashua inamlaumu asiyestahili. Methali ya mwisho imebandikwa tu; haijaelezwa imethibitishwa na nani kitabuni. Mwandishi wa jibu hili anakijua kitabu, na hilo ndilo linalosikitisha.

Jibu la pili: "Majoka anaitamani ardhi ya soko la Chapakazi ili ajenge hoteli ya kifahari. Kwa sababu hiyo soko linafungwa, na wachuuzi wanakosa mahali pa kutafutia riziki. Pia ana uchu wa madaraka. Kwa kuwa anataka kuendelea kutawala, anatumia vitisho na nguvu dhidi ya wanaompinga, na Tunu anaumizwa mguu. Vilevile Majoka anamtamani Ashua, mke wa Sudi, ambaye alimkataa hapo awali. Ashua anapoomba msaada kwa ajili ya watoto wake, anawekewa mtego na kuzuiliwa ili Sudi ashurutishwe kuchonga kinyago. Kenga naye anamuunga mkono Majoka kwa sababu ya manufaa anayoyapata, na ndiyo maana anamwacha mambo yanapogeuka. Kwa upande mwingine, Sudi anaahidiwa malipo manono lakini anakataa, jambo linaloonyesha kwamba tamaa ya wakubwa ilihitaji tamaa ya wadogo ili ifanikiwe."

Jibu hili halina Kiswahili cha makeke. Lina vitenzi. Kila hoja ina mtu anayetaka, kitu anachokitaka, na mtu anayeumia. Ukikosa kimoja kati ya hivyo vitatu, hoja yako inachechemea. Sentensi ya mwisho ni ya mwanafunzi aliyefikiri. Ameuliza ni kwa nini wakubwa walijisumbua kumpa Sudi ahadi zile zote, akaona kwamba walihitaji naye atamani.

Wengine huuliza kama ni vibaya kutumia methali. Si vibaya. Itumie mahali ilipotokea. Methali ya tamaa na mauti, kwa mfano, haimfai Majoka moja kwa moja, kwa sababu mwishoni anachokipoteza ni umati na utawala: raia hawaendi kwake, na Kingi, mkuu wa polisi, anakataa amri ya kuwapiga risasi. Kwake ungesema "mtaka yote hukosa yote", kisha ueleze alitaka nini na akakosa nini.

Zoezi

1. Eleza maana mbili za kila kifungu: (a) tamaa ya kiongozi (b) hofu ya raia (c) mapenzi ya mama. Kisha andika upya kila kimoja ukitumia kitenzi ili kuondoa utata.

2. Tunga sentensi mbili kuhusu wahusika wa Kigogo. Katika ya kwanza, tamaa iwe na maana ya uroho. Katika ya pili, iwe na maana ya matumaini.

3. Tofautisha haja, hamu na uchu kwa kumrejelea mhusika mmoja kwa kila neno, kutoka tamthilia au hadithi fupi yoyote uliyosoma.

4. "Wakazi wa Madongoporomoka hawakukata tamaa." Jadili ukweli wa kauli hii ukirejelea Mzee Mago na wenzake. Usitumie neno tamaa hata mara moja katika jibu lako.